Mstari wa Minyaa

Anatoli aliifunga njia Jumanne asubuhi, na hakuifunga kwa kificho. Alikata matawi ya miiba tangu alfajiri, akayaburuta mwenyewe hadi pale njia inapoacha bonde na kuanza kupanda shamba lake la kahawa, akayalundika kimo cha mtu. Kisha akaketi juu ya jiwe kando ya lundo, panga mapajani, akamngoja mpitaji wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Klara. Alikuwa na jembe begani, na nyuma yake wenzake watano wa chama cha njia, wote watu wa kujitolea, wote na majembe. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya matembezi ya mwaka: siku saba kwa miguu kutoka Gasorwe, Muyinga, hadi Nyarusange huko Gitega. Watu sitini walikuwa wamejiandikisha. Kulikuwa na wanafunzi, wanakwaya, wageni wachache, na wazee wawili waliosema kwamba wakichoka waachwe wafie njiani. Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa kuzibua mifereji ya kuchepusha maji, ile inayokata njia mshazari ili mvua isiigeuze kuwa korongo.

"Amahoro, mzee," Klara alisema. "Hii miiba ni ya nini?"

"Amahoro. Ni ya kufunga shamba langu."

"Na njia?"

"Njia gani? Mi naona shamba langu tu. Na katikati ya shamba langu naona mpaka wako."

Alinyoosha panga. Kandokando ya njia, kuanzia bondeni hadi juu kwenye mti mkubwa wa mvumu, ulikuwepo mstari wa minyaa. Vilikuwa vijiti thelathini na sita. Klara alivipanda mwezi wa kumi na moja, vikiwa vifupi kama mkono, na sasa vilikuwa vimechipua na kufika kiunoni.

Alikuwa na sababu zake. Chokaa waliyokuwa wakipaka kwenye mawe ilioshwa na mvua kila Aprili. Vibao vya mbao viliibwa mara mbili, vikaivisha maharage ya mtu. Lakini mnyaa hauibwi. Mbuzi hali, na maziwa yake yakikuingia jichoni utalia siku nzima. Unachomeka kijiti, unaondoka, kinaishi. Kule kambini Tanzania alikokulia Klara, kila kitu kilizungushiwa minyaa: choo, shule, bafu, mstari mmoja wa vibanda na mwingine. Mtoto alichomeka mnyaa akasahau. Hakuna aliyemwuliza mtu.

"Hizo ni alama za njia, mzee. Ili watu wasipotee kwenye ukungu."

"Hapa Burundi mnyaa haupandwi hivi hivi, we Mtanzania. Unapandwa na mwenye shamba, majirani wamesimama wanaona, halafu watu wanakunywa. Ukishapandwa, ni mpaka. Mjukuu anakuja anaukuta, anasema, ya kwetu inaishia hapa." Alitema mate pembeni. "Mara ya kwanza mlikuja na karatasi ya tume ya ardhi, mkachukua nusu. Bon. Nikanyamaza. Sasa mmekuja na vijiti."

Klara alikuwa ameshafungua kinywa amjibu, lakini macho yake yakaenda kwenye ule mstari, akauona kama vile hajawahi kuuona. Ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi. Yeye alipenda vitu vilivyonyooka. Na ulilikata shamba la Anatoli katikati, huku na huku sawasawa.

Mushagalusa, Mkongo muuza ndagala, yaani dagaa, wa soko la Gasorwe, ambaye hakukosa hata siku moja ya kazi za njia, alimsogelea Klara akanong'ona kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Mama Upendo, mi nilikuambia tuweke mawe. Jiwe haioti."

Watu walicheka. Anatoli hakucheka.

*

Audax, mume wa Klara, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Klara alimsimulia yote akiwa amesimama, jembe bado begani. Audax aliendelea kupukuchua.

"Husemi kitu?"

"Nasikiliza."

"Wewe ulizaliwa kwenye kilima hiki. Ulijua mambo ya minyaa?"

Alichukua gunzi jingine, akaligeuza mkononi. "Niliuona mstari wako Januari."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani vitakufa."

"Mnyaa ukafa, Baba Upendo? Umewahi kuona wapi mnyaa umekufa?"

Audax alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Ndipo akamweleza. Ua uliozunguka shamba lao aliupanda mwenyewe mwaka 2009, alipotangulia kurudi peke yake, Klara akiwa bado kambini. Ardhi ilikuwa ya baba yake. Baada ya watu kukimbia, utawala ulimpa baba yake Anatoli, naye Anatoli akairithi bila kumnyang'anya mtu. Tume ilipokuja iliikata katikati. Chefu, yaani mkuu wa kilima, alisimama, wazee walisimama, na Anatoli alisimama. Audax akapanda, kijiti kimoja kimoja, na pombe ya ndizi ikaletwa. Anatoli alikunywa kikombe kimoja, akakigeuza chini, akaenda zake.

"Kwa hiyo anaona mnyaa wangu, anakumbuka wako," Klara alisema.

"Anaona kwamba nusu imebaki nusu, na nusu hiyo nayo inakatwa. Mimi ningekuwa yeye ningefunga zamani."

"Na usingeniambia."

"Unataka nikuambie nini sasa? Nimekosa. Kaa chini upukuchue."

Alikaa chini akapukuchua. Hasira yake ilikuwa nyingi, na sehemu kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Miaka tisa amekaa kwenye kilima hiki na bado alikuwa mgeni kiasi cha kuchomeka vijiti kwenye shamba la mtu kama anayechomeka mshumaa kwenye keki.

Lakini njia ile ilikuwa yake pia. Mama yake aliipita mwaka 1993, kutoka Nyarusange hadi mpakani, Klara mgongoni. Kambini kila jioni aliitaja kama anayesali rozari: kijito chenye jiwe jeupe, daraja la magogo, kilima cha makaburi, mvumu mkubwa wa Gasorwe ambapo walilala chini yake. Alikufa bila kurudi. Klara alirudi na majina hayo kichwani, akayatafuta moja moja kwa miguu yake, na yote aliyakuta. Miaka sita sasa walikuwa wakiifyeka njia hiyo, wakiichimbia mifereji, na kila Juni wakiwapitisha watu. Hakuna aliyelipwa hata sabuni ya kufulia matope.

*

Kikao kilifanyika Jumamosi, baada ya kazi za pamoja za kilima, watu wakiwa bado na udongo miguuni. Ignace, chefu wa kilima, alikaa kwenye kiti cha pekee. Wazee walikaa kwenye nyasi. Karani alikuwa na daftari gotini. Klara alisimama, na ingawa palikuwa na benchi tupu, hakuna aliyemwambia akae.

Ignace alimwangalia Audax, si Klara. "Baba Upendo, nyumba yako imefanya nini hii?"

"Aliyepanda ni mimi," Klara alisema. "Niulize mimi."

"Naongea na mwenye rugo, bwana wa nyumba."

"Mwenye rugo alikuwa anavuna. Vijiti nilivipanda mimi."

Mzee mmoja aliguna. Nyuma, mwanamke fulani alisema, "Huyo wamemlisha nini huko Tanzania," na wenzake wakachekea ndani ya kanga.

Ignace aliweka mkono juu wanyamaze. "Bon. Mambo ni mepesi. Mnyaa unang'olewa na mkono ulioupanda. Mwingine akiugusa, huo ni ugomvi mpya. Kwa hiyo utang'oa, mbele yetu. Utaleta pombe. Anatoli, kuna kingine unataka?"

Anatoli alisimama, akavua kofia. "Nataka neno."

"Neno gani?"

"Aseme kwamba alitaka kula ardhi yangu. Aseme hapa, karani aandike. Akishasema, mi natoa miiba, sitini wapite, mia wapite."

Klara aliwaangalia wazee, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wakiangalia nyasi.

"Nilikosea," alisema. "Nilipanda kwenye shamba la mtu bila kumwuliza. Hilo nalisema leo na nitalisema kesho, na pombe nitaleta. Kwamba nilitaka kuiba, sisemi. Sikutaka."

"Nani anajua ulichotaka?" Anatoli aliuliza.

"Mimi najua."

"Aa, wewe."

"Ndiyo, mimi. Unamjua mwingine?"

"Mama," Ignace alisema kwa sauti ya kubembeleza, "neno moja tu. Linatoka mdomoni, upepo unalichukua."

"Kama upepo unalichukua, karani wa nini?"

Karani aliinua kalamu, akaishusha. Audax alikuwa ameshasimama. "Chefu," alianza, "mke wangu amechoka, mimi kwa niaba ya..."

"Kaa chini, Baba Upendo," Klara alisema.

Alisema taratibu, lakini mbele ya wanaume arobaini. Audax alikaa. Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, na hakikumhusu Klara, kilimhusu mumewe. Walirudi nyumbani mmoja mbele, mwingine nyuma, hatua ishirini katikati yao.

*

Jumatatu alikwenda Gitega mjini. Kulikuwa na ofisi moja iliyoanza kupendezwa na njia yao mwaka uliopita, baada ya kusikia kwamba wageni wanakuja. Iliahidi vibao vya chuma na haikuvileta. Mwaka huu ilikuwa imeandaa ngoma na wakubwa wa kuwapokea watembeaji huko Nyarusange. Klara alikaa kwenye benchi la koridoni tangu saa tatu hadi saa saba, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu, na mfagiaji akafagia akimzunguka mara mbili.

Bwana wa ofisi alikuwa kijana mwenye koti. "Ah, Madame Randonnée," alisema, yaani bibi wa matembezi, akaendelea kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Klara alimwacha amalize.

"Nimesoma kwa Kiswahili, bwana. Kambini."

"Pardon. Bon. Shida iko wapi?"

Alimwambia. Bwana yule alisikiliza huku akiandika kwenye simu. "Hiyo njia yenu, donc, iko kwenye karatasi gani?"

"Iko ardhini, bwana. Inakanyagwa."

"Ardhini si karatasi. Huyo mzee iko na haki ya kufunga." Aliiweka simu chini. "Sikiliza, madame. Wakubwa wamealikwa. Kofia zimeshachapishwa. Sema hilo neno. Ni neno tu, halina uzito."

"Kama halina uzito, lichukue wewe ulibebe hadi Gasorwe."

Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Aliona haya kidogo. Alifungua kabati, akampa kofia moja mpya yenye jina la ofisi. Klara alishukuru, akatoka. Nje kwenye ngazi alimwona yule mfagiaji, akamvalisha.

*

Jumatano aliving'oa vijiti. Ignace alikuja na wazee watatu, na pombe ya ndizi ikaja kwenye dumu la njano lililobebwa na Mushagalusa kichwani. Anatoli aliwafungulia upenyo wa mtu mmoja kwenye miiba, akasimama juu ya shamba, mikono nyuma.

Klara alianzia bondeni. Minyaa ilikuwa imeshika mizizi kuliko alivyodhani, na mingine ilimlazimu achimbe. Kila alipong'oa alilifukia shimo na kulikanyaga kwa kisigino. Kwenye kijiti cha ishirini na kitu, tawi lilivunjika na tone la maziwa likamrukia jicho la kushoto. Alisimama kidogo, akapangusa kwa bega, akaendelea na jicho moja, machozi yakimtiririka. Mzee mmoja alimwonea huruma, akainama amsaidie. Ignace akamzuia kwa mkono. "Mkono ulioupanda."

Alipofika chini ya mvumu alikuwa na mzigo mzima wa minyaa. Aliufunga kwa ganda kavu la mgomba.

"Na neno?" Anatoli aliuliza.

"Shamba lako nimekurudishia lote, mzee. Hata mashimo nimeyafukia. Neno halikupandwa hapa, siwezi kuling'oa."

"Basi njia imefungwa."

"Funga."

Alijitwisha mzigo akateremka. Nyuma yake alisikia wazee wakifungua dumu.

Nyumbani Audax alimlaza kwenye mkeka kivulini, akamwagia jicho maji kidogo kidogo kutoka kwenye kikombe. Hawakuwa wamesemezana vizuri tangu Jumamosi. Mkono wake ulikuwa mzito lakini aliushusha polepole.

"Fungua ua wetu," Klara alisema.

"Usiongee, maji yatakuingia mdomoni."

"Shamba letu nalo linatoka bondeni hadi kwenye mvumu. Ukifungua ua chini na juu, watu watapita hapa kati ya jiko na migomba. Watatokea palepale."

Kikombe kilisimama. "Ua ule ndio kitu pekee kinachosema hapa ni kwetu."

"Najua."

"Hujui. Wewe hukuwepo. Nilipanda, Anatoli amesimama ananitazama. Nikiufungua leo, kesho Anatoli anasogea hatua moja, keshokutwa mbili. Na ile ni ardhi ya baba yangu, Klara, si yako."

"Ndiyo maana nakuomba. Kama ingekuwa yangu ningeshang'oa."

"Kwa nini usiseme tu neno? Kwa ajili yangu. Ulinikalisha chini mbele ya watu kama mtoto, nikakaa. Nawe sema neno moja."

Klara aliketi. Jicho lilikuwa jekundu kama pilipili. "Niliishi kambini tangu nikiwa mtoto wa mgongoni. Kila siku mtu alisema tumekuja kula vya wenyewe: kuni zao, maji yao. Tukarudi kwetu, tukaambiwa tumekuja kula ardhi. Sijala cha mtu, Audax. Siku nitakayosema nimekula, hata wewe usiniamini tena."

Audax alimwaga maji yaliyobaki chini, akaondoka na kikombe.

*

Alhamisi Audax hakuonekana mchana kutwa. Ijumaa asubuhi Klara alitoka ndani akamkuta mumewe amesimama kwenye ua upande wa bonde, jembe mkononi, haligusi kitu.

"Jana nilikwenda kwa chefu," alisema bila kugeuka. "Nilikwenda kulisema lile neno mimi."

Klara alimsogelea.

"Karani alikuwa ameshaliandika tayari. Nilitakiwa kuweka dole tu. Nikamwambia asome. Anasoma: mimi Audax, nakiri kwamba familia yetu ilitaka kula ardhi ya Anatoli. Nikamwuliza, familia? Nani na nani? Anasema, c'est comme ça, ndivyo inavyoandikwa. Nikamwuliza, na baba yangu aliyelima hapa kabla Anatoli hajaota meno, yumo? Chefu akaanza kuangalia kuku."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia dole langu lina jeraha." Akageuka sasa, na usoni alikuwa na kitu ambacho Klara hakukiona tangu siku ya harusi. "Wakishaandika mwizi kwa upande ule wa shamba, wataacha kusoma mwizi kwa upande huu? Waite watu wako. Na chefu aje. Nilipanda mbele ya mashahidi, nitang'oa mbele ya mashahidi."

Walikuja. Anatoli hakuja, lakini alionekana upande wa pili akipalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Audax aling'oa vijiti kumi na viwili chini na kumi na viwili juu. Vilikuwa vimekuwa miti sasa, vya miaka kumi na miwili, na vingine vilimlazimu atumie shoka. Hakuna aliyemgusia hata kimoja. Klara alisimama mikono ikimwasha, akaiweka kwapani.

Alipomaliza alijipangusa jasho akasema mbele ya Ignace, kwa sauti iliyofika hadi kwenye kahawa ya jirani: "Hapa nimepafungua kwa ajili ya njia. Sikuuza, sikutoa, sikukiri. Mpaka uko palepale ulipokuwa. Kijiti hakipo, ila macho yenu yapo. Chefu, karani wako aandike hilo."

Ignace alikohoa. Karani aliandika.

"Baba Upendo," Mushagalusa alisema, "na mbuzi yako utaifunga wapi sasa? Batu sitini banapita, mbuzi itakwenda nao Gitega kutafuta kazi ya ofisi."

"Mfunge wewe," Audax alisema. "Nyinyi ndio mnaotembea, na kamba mnazo."

*

Jumamosi watembeaji sitini na watatu walipita katika ua wa Klara, wakaziacha nyayo zao kwenye maharage. Walipita kati ya jiko na migomba, mmoja nyuma ya mwingine, wakisalimia, wengine wakichungulia sufuria. Wale wazee wawili waliomba maji, wakanywa, wakaomba tena. Audax alisimama kwenye upenyo wa juu, akiwashika mkono mmoja mmoja wanaoteleza, na kila aliyempongeza kwa njia nzuri alimjibu, "Ndiyo, ni ya mke wangu."

Klara alikuwa mbele. Kwenye mvumu aliwangoja wote wafike. Kutoka pale lundo la miiba lilionekana vizuri chini, limeziba mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kupita. Anatoli alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, panga mapajani. Klara alimpungia mkono. Siku ya saba walifika Nyarusange. Ngoma zilipigwa, kofia zikagawiwa, na yule bwana mwenye koti alihutubia kwa muda mrefu kuhusu juhudi za ofisi yake. Klara alikuwa ameshavua viatu, anaosha miguu kwenye kijito chenye jiwe jeupe.

*

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, zilianza kwa hasira. Njia iliyopita kwa Klara ilikuwa na mifereji saba mipya, na maji yalichepuka yakaingia kwenye migomba, yakainywesha. Njia iliyopita kwa Anatoli haikuwa na mtu wa kuzibua mifereji yake. Ilijaa majani, ikafurika, na katika wiki tatu ilikuwa imechimbika korongo la kumeza mtu hadi kifuani. Miche kumi na moja ya kahawa iliteremka bondeni na mizizi yake. Na kumbe njia ile ndiyo iliyokuwa njia ya Anatoli mwenyewe kwenda sokoni.

Siku ya soko Klara alikuwa uani akichambua maharage. Anatoli alitokea kwenye upenyo wa chini, anasukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Alisimama pale ua ulipokuwa unaanzia zamani, akakohoa.

"Amahoro hapa."

"Amahoro, mzee."

Alingoja. Klara aliendelea kuchambua, akatupa kijiwe, akatupa kingine.

"Nataka kupita," Anatoli alisema.

"Kwani umeona miiba?"

Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Hapana."

"Basi."

Alipita. Magurudumu yalilia chini ya uzito wa ndizi, na kwenye mfereji wa tatu yaliubomoa ukingo. Alisimama, akaliona alilofanya, akageuka. Klara naye alikuwa ameliona.

"Jumamosi tunachimba," alimwambia. "Uje na jembe."

Mzee aliikaza mikono kwenye usukani, akaendelea kupanda kilima.

Jumamosi alichelewa. Wenzake walikuwa wameshachimba mifereji miwili alipotokea, jembe begani, bila kumsalimia mtu. Mushagalusa alimtolea nafasi kwenye mstari. "Karibu, muzee. Huku tunalipwa matope, lakini kwa wakati."

Anatoli aliweka jembe chini. "Ile ya kwangu," alisema akimwangalia Klara kiatuni, "inaweza kutengenezeka?"

"Inaweza. Kabla ya Krismasi, tukiwa wengi." Klara alijinyoosha mgongo. "Korongo tutalifukia sisi. Mifereji tutachimba. Watapita huku na huku, wachague wenyewe."

"Na miiba?"

Kila mtu aliacha kuchimba. Lundo lilikuwa bado pale, limekauka, limekuwa jekundu kwa mvua, gumu kama waya. Kijana mmoja wa kwaya alianza kuliendea, panga mkononi, apate kusaidia. Audax alimzuia kwa mkono, kama Ignace alivyofanya siku ile.

"Mwache," alisema. "Mkono ulioiweka."

Anatoli alisubiri kuona kama kuna atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Aliteremka taratibu hadi kwenye lundo, akashika tawi la kwanza kwa vidole viwili, likamchoma, akaliachia. Akalishika tena, kwa kiganja chote.

Klara aliinama akaendelea kuchimba.